Wauguzi wapya wanaogopa kumpigia daktari usiku. Chati ya alama za tahadhari itasaidia?

Sista Zamu: Habari zenu wakuu. Wodi ya upasuaji, hospitali ya wilaya, usiku wauguzi wawili tu. Wale wapya wanaona mgonjwa anabadilika lakini hawapigi simu mpaka hali iwe mbaya, wakihofia kuulizwa "umeniamshia hilo tu?" Tunafikiria kuanza na NEWS2, ile chati ya Uingereza ya 2017 inayotoa alama kwa kila kipimo cha mgonjwa kisha kuzijumlisha. Kweli inampa muuguzi ujasiri, au ni karatasi nyingine ya kujaza?

Nesi wa Bara: Inasaidia, kwa sababu inajumlisha vitu vidogo. Chukua mgonjwa wa siku ya pili baada ya kupasuliwa: anapumua mara 24 kwa dakika (alama 2), oksijeni ya damu asilimia 94 bila kuwekewa oksijeni (1), presha 104/68 (inahesabiwa namba ya juu: 1), mapigo 112 (2), joto 38.2 (1), anajibu vizuri (0). Ukitazama kimoja kimoja, hakuna cha kumwamsha mtu. Jumla ni 7, na 7 ni dharura. Badala ya "naona kama hayuko sawa", muuguzi anasema: "Dokta, kitanda cha 9 ana alama 7, saa mbili usiku alikuwa na 2. Naomba uje sasa." Mgeni kazini anaweza kusimamia sentensi hiyo.

Kipimo: Ila namba ziwe za kweli. Chati nyingi zinaharibikia kwenye pumzi: wodi nzima imeandikwa 18 au 20. Kwa kuwa 12 hadi 20 ni alama 0, ukibuni 20 umefuta dalili ambayo mara nyingi hutangulia. Hesabu dakika nzima, mkono ukiwa bado kwenye mapigo ili mgonjwa asijue unahesabu pumzi. Kidole chenye baridi, rangi ya kucha au piko kinaweza kudanganya mashine ya oksijeni. Na mgonjwa aliyewekewa oksijeni ana alama 2 kwa hilo peke yake, hata mashine ikisoma 97, wengi wanaisahau. Kuchanganyikiwa kulikoanza sasa ni 3.

Dokta wa Mkoa: Naunga mkono, lakini ujasiri wa muuguzi unategemea sana anayepokea simu. Akifokewa mara moja tu, kesho atasubiri. Kwa hiyo kabla ya kuchapisha chati, madaktari na matroni wakae waandikiane: 5 au 6, au 3 kwenye kipimo kimoja, daktari anafika ndani ya muda gani, 7 anafika nani, simu isipopokelewa baada ya dakika 10 anapigiwa nani. Namba zibandikwe ukutani. Upande wa wodi, 5 na 6 hupimwa angalau kila saa, 7 haachwi bila uangalizi. Kama hamna monita, msogezeni karibu na meza ya wauguzi.

Halafu ongezeni mstari huu: muuguzi akiwa na wasiwasi, apige, alama zozote zile. Kijana anayevuja damu ndani anaweza kushikilia presha muda mrefu kisha akaanguka ghafla, na anayetumia dawa za kupunguza mapigo huenda asifike 112. Bila mstari huo chati itamnyamazisha muuguzi: "ana 2 tu, subiri."

Sista Zamu: Asante sana, Dokta. Tunapokea pia watoto na wajawazito. Tutumie hiyo hiyo?

Nesi wa Bara: Hapana, dada. Haifai kwa walio chini ya miaka 16 wala wajawazito; mtoto mchanga anayepumua mara 40 yuko sawa kabisa. Tafuteni chati zao.

Kipimo: Na kila wiki chukueni mafaili 10 mkague: jumla ni sahihi? Simu ilipigwa? Daktari alifika baada ya dakika ngapi? Hiyo ya tatu isomwe kwenye kikao cha asubuhi, madaktari wakiwepo.