Kezilahabi wa kutisha: Nagona, Mzingile au Kichwamaji?

Baraza_Mwanga: Wakuu, habari za jioni. Sisi wasomaji wachache wa Mwanga, hapa Kigoma, jioni tunakaa barazani, mmoja anasoma kwa sauti na wengine tunasikiliza. Riwaya za mapenzi zimetosha, sasa tunataka ya kutisha, yenye mambo yasiyo ya dunia hii. Mchango wetu ni wa kitabu kimoja tu. Tumeafikiana kwa mwandishi wa riwaya Euphrase Kezilahabi, ila kipi?

Ujiji_Kwetu: Nagona (1990), bila kusita. Humo huoni jini wala mchawi. Kuna mtu anayetangatanga peke yake akiisaka kweli, na anakutana na waliokufa zamani, akina Darwin na Marx, wakizungumza kama wako hai. Kimya cha kitabu kile ndicho kinachotisha. Nilikisoma usiku umeme ukiwa umekatika, nikawa nasikiliza kila kinachochakura nje.

Mtabora_Ipuli: Nakupinga, kaka. Nagona ni cha kusoma peke yako, unarudia ukurasa mara mbili tatu ndipo unaelewa. Barazani watu watasinzia. Chukueni Mzingile (1991). Mtu anatumwa kumpelekea mzee taarifa kwamba mwanawe amefariki. Ukishang'amua mzee huyo ni nani, mwili unasisimka. Na dunia yenyewe imeshateketezwa kwa bomu! Nacho ni chembamba, mtakimaliza upesi.

Mama_Kibirizi: Wanangu, mbona mnaifuata hofu mbali hivyo? Kichwamaji (1974) hakina mzimu hata mmoja, na ndicho kilichoninyima usingizi. Kazimoto ni kijana msomi, mkewe Sabina anapata uchungu, mtoto anazaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi. Mimi ni mkunga, chumba cha kujifungulia nakijua vizuri. Pale nilikifunga kitabu, nikakifungua tena kesho yake mchana. Kiswahili chake chepesi, hata darasa la saba atafuata.

Ujiji_Kwetu: Shikamoo mama. Hapo kwenye wepesi wa lugha sina ubishi.

Kasulu_Juu: Kama mnataka mzimu hasa, tokeni kwa Kezilahabi. Babu Alipofufuka cha Said Ahmed Mohamed (2001): babu anatoka kaburini, anamfuata mjukuu wake K, mkubwa serikalini aliyenona kwa jasho la wengine. Kinatisha na kinauma.

Baraza_Mwanga: Mama, barazani tuna wazee na vijana wa sekondari, kwa hiyo Kichwamaji kimepita. Kesho naulizia mjini. Mwenye Mzingile Kigoma aniazime, nitakirudisha salama.