Mafuta ya samaki baada ya kuwekewa stenti: yanasafisha mishipa kweli?

Swali (Mwanga, Kigoma)
Wakuu, habari zenu. Mzee amerudi kutoka Dar, amewekewa stenti moja (kijibomba cha wavu wa chuma kinachoushikilia mshipa uwe wazi) kwenye mshipa wa moyo. Anameza aspirini 75 mg na klopidogreli 75 mg za kuzuia damu kuganda, na atorvastatini 40 mg usiku ya kushusha lehemu. Duka la dawa wamemshauri aongeze vidonge vya mafuta ya samaki, 1000 mg kila siku, "visafishe mishipa". Ni kweli?

Jibu la 1
Mkuu, pole kwa kuuguza. Havisafishi. Mafuta yaliyojijenga kwenye ukuta wa mshipa hayaondolewi na kidonge hicho. Soma nyuma ya chupa: kidonge cha kawaida cha 1000 mg huwa na EPA kama 180 mg na DHA 120 mg, ambazo ndizo omega-3, mafuta ya samaki yanayotafutwa. Omega-3 yenyewe ni 300 mg tu.

Utafiti wa REDUCE-IT ulioonyesha faida ulitumia EPA iliyosafishwa, gramu 4 kwa siku, kwa watu wenye trigliseridi (aina ya mafuta ya kwenye damu) za juu ambao tayari wanatumia statini, yaani dawa za kundi la atorvastatini. Utafiti mwingine, STRENGTH wa 2020, ulichanganya EPA na DHA, gramu 4 vilevile, faida haikuonekana. Na kote kuwili mapigo ya moyo kwenda ovyo yaliongezeka. Kwa hiyo asije akameza vidonge zaidi ya kumi ili afikishe dozi hiyo!

Jibu la 2
Kinachonitia hofu zaidi ni hela ya vidonge hivyo kula hela ya klopidogreli. Stenti ni chuma kigeni. Kabla ukuta wa mshipa haujaifunika, damu inaweza kuganda ndani yake ghafla, na hapo ni mshtuko wa moyo. Mara nyingi klopidogreli humezwa pamoja na aspirini miezi 6 hadi 12, kadiri daktari wake alivyopanga. Hata akienda kung'oa jino asiache mwenyewe, ampigie daktari kwanza. Akiona choo cheusi kama lami, hospitali siku hiyohiyo.

Jibu la 3
Hapo Kigoma omega-3 iko sokoni: dagaa na migebuka, mara mbili tatu kwa wiki. Kinachoharibu ni chumvi na mawese, maana karibu nusu ya mafuta ya mawese ni yale yanayopandisha lehemu. Dagaa wakavu waloweke kwenye maji ya moto, mwaga, osha tena mchanga uishe, kisha chemsha na nyanya, kitunguu na limao bila kuongeza chumvi.

Muuliza swali
Na migebuka wa kubanika?

Jibu la 3
Safi, ila asiwe wa chumvi. Halafu apime LDL (lehemu mbaya) wiki 4 hadi 12 tangu aanze atorvastatini. Ikiwa bado iko juu ya 1.4 mmol/L, aulize daktari kuhusu kupandisha dozi hadi 80 mg.