Tupeane uzoefu: Sake tunayoijua sisi tulioishi na kupita huko

Mwana wa Mugunga (mwanzisha mada)

Jambo sana wote. Miaka hii ya karibuni Sake inatajwa redioni kila mara, na kila inapotajwa ni habari ya risasi: nani ameingia, nani ametoka, nani yuko juu ya vilima. Mtoto anayekua Goma leo anaweza kudhani Sake ni jina la vita. Inaniuma, kwa sababu ukoo wa mama yangu ni wa huko, na likizo zangu zote za utoto nilizipitisha kwenye mashamba yao.

Kwa asiyepafahamu: toka Goma, mashariki mwa Kongo, kuelekea magharibi, pita Ndosho, pita Mugunga, halafu endelea katikati ya mawe meusi ya volkano. Kulia unaona pori la Parki ya Virunga, kushoto ziwa Kivu linajificha na kujitokeza. Baada ya kilomita kama 25 mawe yanakwisha, ardhi inalala tambarare, na milima ya Masisi inasimama mbele yako. Hapo ndipo Sake. Barabara inagawanyika: moja inapanda Mushaki kuelekea Masisi na Kitchanga, nyingine inafuata ziwa hadi Minova na kuendelea Bukavu. Kiutawala tuko Kamuronza, sheferi (eneo la chifu) ya Bahunde, teritware (wilaya) ya Masisi. Maharagwe, viazi, maziwa, makala (mkaa), ndizi, karibu kila kitu ambacho Goma inapata kutoka upande ule kinashukia kwanza pale njia panda.

Kama uliishi Sake, ulifanya biashara, ulikimbilia, au ulipita tu, andika. Mambo ya nani ana haki katika vita tuyaache kando hapa.

Kijana wa Chukudu

Nitaanza mimi. Nimesukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, Sake hadi Goma miaka mingi kabla ya kupata pikipiki. Wageni wanaipiga picha tu, lakini ukitaka kujua Goma inavyokula, iangalie chukudu kwa karibu. Yangu alinitengenezea papa mmoja wa Sake kwa panga, nyundo na msumeno, bila kuchora chochote. Magurudumu ni ya mti mgumu, yamevishwa mpira wa tairi la zamani uliopigiliwa misumari. Katikati ya ubao kuna kipande cha kandambili: hapo unaweka goti, mguu mwingine unasukuma chini. Nyuma kuna kipande cha mpira kinachogusa gurudumu, unakikanyaga, hiyo ndiyo breki. Mpira huo ukiisha na wewe uko kwenye mteremko na magunia ya viazi, huna la kufanya ila kuelekeza chukudu kwenye mawe na kuruka.

Tulikuwa tunaondoka kungali giza, watu wengi pamoja. Mmoja hawezi kupandisha mzigo peke yake, kwa hiyo kwenye kila mpando mnasimamisha chukudu zote, mnasukuma ya kwanza hadi juu, mnarudi kuchukua ya pili, hadi zote zimepanda. Hakuna aliyelipwa kwa kumsukumia mwenzake. Anayekataa, kesho yake hapati wa kuondoka naye.

Vizuizi vya njiani ndivyo vilivyotumaliza. Unalipa hapa, unatembea kidogo, unalipa tena kwa mwingine aliyefunga kamba, na hakuna anayekupa karatasi. Faida ya gunia zima ilikuwa inaishia barabarani.

Mama wa Fromaji

Nachukua fromaji (jibini) ya Masisi kule Mushaki na juu zaidi, nauza Goma. Kule juu ni zaidi ya mita 2,000, baridi, nyasi hazikauki, ng'ombe wanatoa maziwa mazuri. Wanayagandisha, wanakamua maji yake, wanaweka kwenye vyombo vya mviringo chini ya mzigo mzito, halafu inalowekwa kwenye maji ya chumvi na kupangwa kwenye mbao hadi ngozi yake iwe ngumu ya manjano. Ninagonga kwa kidole na kunusa pembeni. Iliyooza ndani inajulikana kwa sauti.

Sake kwangu ni ghala. Nilikuwa na mama mmoja pale ambaye ananipokelea mzigo nisipofika, anaulaza ndani kwake, na hajawahi kunidai zaidi ya sabuni na chumvi. Likelemba yetu (mchango wa kupeana fedha kwa zamu) ilikuwa ya wanawake wa soko la Sake: Wahunde, Wahutu, Watutsi, Wanande, wote. Fedha inazunguka kila wiki, na zamu ikifika kwa aliyefiwa inamfikia hata kama alikuwa nyuma kwa michango. Ninalisema hili kwa makusudi, kwa sababu redioni nasikia tu kwamba sisi hatuwezi kukaa pamoja.

Mzee wa Kamuronza

Watoto wangu, asanteni kwa kuanzisha hili. Niwape historia kidogo ya yale mawe mnayoyapita bila kuyatazama.

Januari 1938 mlima Nyamulagira ulipasuka ubavuni, ukaendelea kutoa moto hadi 1940. Lava ilishuka hadi ikaingia ziwani upande wetu. Baba yangu alikuwa kijana. Alikuwa akitusimulia kwamba usiku hawakuwasha taa miezi mingi, mwanga wa mlima ulitosha kuchambua maharagwe, na kwamba pale moto ulipokutana na maji mvuke ulifunika milima. Watu walikuwa wanapeleka watoto wao wauone. Ukisimama leo juu ya kilima unaiona ghuba ya Kabuno imefungwa upande mmoja, imebaki na mlango mwembamba tu wa kutokea kwenye ziwa kubwa. Chini ya maji yale kuna gesi nyingi, wataalamu wanaichunguza.

Sambaza mnaowala hawakuwepo wakati wa baba yangu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Mimi nilikuwa mtoto wakati watu walipoanza kuwavua usiku kwa taa, na wazee wengine walikataa kuwala mwanzoni, wakisema samaki mdogo hivyo ni chakula cha ndege.

Halafu 1994. Julai ile wakimbizi kutoka Rwanda walijaa Goma, na kambi ya Mugunga ikawa kubwa kuliko mji wowote niliokuwa nimeuona, hapo hapo kwenye njia yetu. Ilikaa hadi Novemba 1996. Kuni zilitoka msituni, na sehemu kubwa ya miti niliyoijua utotoni haipo tena. Vita vilivyofuata mnavijua wenyewe. Mimi nawaambia habari ya miti kwa sababu hakuna anayeiuliza.

Mwalimu wa Msingi

Nifundishe jambo moja kwa wanaopita na watoto. Kati ya Goma na Sake kuna mabonde madogo yenye mazuku. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inalala chini mabondeni, hasa usiku na asubuhi kabla upepo haujavuma. Huioni. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama, lakini mbuzi au mtoto mfupi anaanguka. Nilipokuwa nafundisha Sake, ukiona ndege wamekufa mahali au majani yamekauka bila sababu, wanafunzi walikuwa wanaweka kijiti chenye kitambaa chekundu. Usiiname kumwokoa aliyeanguka bila msaada wa wengine na kamba. Watu wamekufa wawili wawili kwa njia hiyo.

Mama Ndosho

Mimi ni mtu wa Goma. Sake niliijua Mei 2021. Nyiragongo ulipasuka Jumamosi tarehe 22 jioni, lava ikaishia karibu na uwanja wa ndege, tukadhani yamekwisha. Lakini ardhi iliendelea kutetemeka, kuta zikapasuka, na alfajiri ya tarehe 27 tukaamriwa kuhama kartie (mitaa) 10. Njia ya Sake ilijaa kutoka ukingo hadi ukingo: magari, pikipiki, chukudu zenye wagonjwa, wamama wenye magodoro kichwani. Tulitembea na watoto siku nzima.

Tulipofika tulikaa nje ya nyumba ya mama nisiyemjua. Alitoka, akatutazama, akauliza watoto ni wangapi. Akahamisha mbuzi wake kutoka kibandani, akapafagia, akatandika majani ya migomba. Usiku alileta bugali na sombe (kisamvu), na wakati huo shimo la maji lilikuwa na foleni isiyokwisha na kipindupindu kilikuwa kimeanza kutajwa. Kila asubuhi alichemsha maji kwa makala yake mwenyewe. Nilipotaka kumwachia kitenge alikataa, akasema kesho ni zamu yetu.

Zamu ikafika kweli. Februari 2024 mapigano yalipokaribia vilima vya Sake, nilimwona kwenye foleni ya mahema huku Goma. Nilimtoa pale siku hiyo hiyo. Alikaa kwangu na wajukuu hadi mwanzo wa 2025.

Aliyerudi

Niko Sake ninapoandika hili. Nyumba nyingi hazina mabati, milango imechukuliwa, na kuna mashamba hatuingii kwa sababu ya mabomu ambayo hayajalipuka. Lakini soko linakaa. Wamama wa lengalenga (mchicha) wamerudi kwenye nafasi zao zile zile, hata yule aliyekuwa anagombana na jirani yake kuhusu kivuli. Maharagwe ya msimu huu yalitoka vizuri upande wa tambarare. Kinachokosekana zaidi ni mbegu za viazi, kwa kuwa za zamani ziliishia kwenye sufuria wakati wa njaa.

Mwana wa Mugunga

Mama Ndosho, nimesoma yako mara mbili. Mzee, tafadhali andika zaidi kuhusu soko lilivyokuwa kabla ya 1994, na siku gani watu wa Masisi walishuka. Aliyerudi, kuhusu mbegu: niandikie pembeni, kuna watu wa Minova waliovuna viazi mwezi uliopita na wako tayari kutoa magunia kadhaa kwa mkopo wa kurudishwa wakati wa mavuno. Wengine wa upande wa ziwa, Bweremana hadi Minova, hatujawasikia bado.