Naomba ushauri: nikiamua jambo na hasira au huzuni lazima nijute, sasa nataka kuacha kazi

Wakuu habari zenu. Mi nina shida moja, nikiwa na hasira au huzuni naamua mambo fasta halafu baadae najuta mpaka basi. 2021 tulimzika mzee, hata arobaini haijafika nikauza kiwanja changu cha Chanika kwa bei ya kutupa, sababu tu kila nikifika pale nilikuwa namkumbuka, yeye ndo alinisindikiza siku ya kupima. Jamaa aliyenunua saivi ana fremu tatu pale na zote zina wapangaji. Ile njia sipiti.

Sasa juzi bosi kanitukana mbele ya wateja kisa hesabu ya stoo imepishana, na kosa wala halikuwa langu, nikatoka natetemeka, saa nane usiku nikaandika barua ya kuacha kazi, ipo kwenye simu bado kutuma tu. Najua sisi wa mshahara wa mwezi notisi ni siku 28, ukisepa ghafla wanaweza kukukata hela ya hizo siku.

Ila nikipoa nasikia sauti nyingine, vumilia, ada ya mtoto Januari, sasa sijui hiyo ni akili au ni woga tu nao unaniamulia. Wife anasema nisitume kitu mpaka zipite siku tatu.

Nyie mnatofautishaje? Na kuna aliyeacha kazi kwa hasira ikamlipa? Jumatatu naingia shifti, matusi hapana jamani.