Picha ya NGC 628: mbona kwenye mikroni 7.7 katikati ya vitalu vya nyota pana shimo?

Mwanga_Kigoma:
Wakuu, salaam. Nimepakua kutoka MAST, hifadhi ya data za darubini za angani, picha za galaksi ya NGC 628 za darubini ya James Webb, filta F770W (mikroni 7.7) na F2100W (mikroni 21). Nilitegemea mwanga wa PAH, yaani hidrokaboni za pete nyingi, ung'ae zaidi palipo na nyota changa. Badala yake F770W inaonyesha pete, ndani pamefifia. Kwenye F2100W hapohapo ndipo panawaka. Nikigawanya picha moja kwa nyingine, kila nyota inazungukwa na miduara. Nimekosea wapi?

Mjiji:
Shimo ni la kweli, usilifute. Molekuli ya PAH yenye atomi 50 hivi za kaboni ikimeza fotoni (chembe ya mwanga) moja tu ya urujuanimno, hupanda ghafla hadi kelvini 1000 hivi, kisha hupoa kwa kutetemeka: kaboni na hidrojeni hutoa mwanga wa mikroni 3.3 na 11.3, kaboni kwa kaboni hutoa wa 6.2 na 7.7. PAH ni ukoo mmoja na masizi ya vibanda vya kukaushia migebuka. Ila karibu na nyota kubwa fotoni ni kali mno, molekuli zinavunjika. Zinazosalia zimo kwenye ngozi ya wingu. Hiyo ndiyo pete yako. Chembe kubwa za vumbi zinahimili na kupata moto, nazo ndizo zinazowaka kwenye F2100W.

Filta_na_Vumbi:
Miduara ndiyo kosa, ndugu. Nyota kwenye F770W ina upana wa sekunde za tao 0.27 (sekunde ya tao ni 1/3600 ya digrii), kwenye F2100W ni 0.67. Kabla ya kugawanya, tia ukungu F770W ifanane na F2100W. Kerneli, yaani umbo la huo ukungu, itengenezwe kutokana na umbo halisi la nyota katika filta zote mbili, maana lina miali ambayo kengele ya Gauss haina; jumla yake iwe 1. Kisha hamishia zote kwenye gridi moja ya pikseli. Kipimo ni MJy/sr, yaani mwangaza kwa kila eneo la anga, usizidishe kwa eneo la pikseli. Toa na mwanga wa anga, uupime nje ya diski.

Mwanga wa nyota kongwe nao unaingia F770W. Kitovu cha NGC 628 kina vumbi kidogo sana: pima hapo uwiano wa F770W kwa F200W (filta ya mikroni 2), kisha zidisha F200W kwa uwiano huo na utoe matokeo kwenye F770W kila mahali.

Mjiji:
Ukija kwenye mwanga wa PAH wa mikroni 3.3, toa kwenye filta F335M 0.41 ya F300M na 0.59 ya F360M, filta za pande zake mbili. Jihadhari: F360M nayo inabeba mwanga wa hidrokaboni wa 3.4, kwa hiyo utatoa kupita kiasi na 3.3 itapungua.

Na hii ni muhimu: kwa umbali wa galaksi hiyo, sekunde za tao 0.67 ni kama miaka ya nuru 100. Shimo dogo kuliko hapo litazibwa na ukungu. Picha yenye ukungu iwe ya uwiano tu. Maumbo yasome kwenye F770W ya awali.