Kiangazi chote ng'ombe wamesimama, mvua imenyesha ndiyo wanaanguka. Naomba msaada, nipo Nachingwea

MstaafuChaki

Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilipopata kiinua mgongo nilinunua ng'ombe tisa wa kienyeji, na watu wa hapa walinicheka sana, maana sisi Wamwera tunajua korosho na ufuta. Ng'ombe tunakutana naye kwenye sufuria. Huu ni mwaka wa tatu, walishafika kumi na wanne. Madume nawauzia wachinjaji wa hapa mjini.

Toka Juni nimehangaika nao. Mabua ya mahindi, majani na maganda ya mbaazi, na mashudu ya ufuta kopo la kilo moja kwa ng'ombe wawili, siku kwa siku. Mpaka Novemba mbavu zilikuwa zinahesabika kutoka barabarani, lakini wote walikuwa wanasimama na kutembea. Mvua ya kwanza imepiga Jumanne ya wiki iliyopita, Ijumaa ikarudia. Majani yakachomoza, na mimi nikasitisha mashudu, nikasema tumevuka.

Jumapili alfajiri kijana wangu kamkuta jike mmoja mwenye mimba ya kama miezi saba amelala ubavu. Jumatatu mtamba (jike ambaye hajazaa) naye chini. Yule jike amekufa jana saa kumi jioni. Mtamba anahara kinyesi cha uji, rangi ya kijivu, na tumbo la kushoto limejaa. Macho yamezama ndani kama mtu aliyeugua kipindupindu. Wanaanguka wakati chakula kimefika! Hili ndilo linaloniumiza.

KijanaWaRuangwa

Mkuu hiyo ni ndigana, ugonjwa wa kupe, na kupe wanaamka na mvua. Piga OTC (sindano ya oxytetracycline) ya asilimia 20 wote kumi na watatu, maliza kazi.

DadaMifugo_Masasi

Kaka Ruangwa, taratibu. Huwezi kuchoma zizi zima sindano kwa kusikia neno "mvua". Na ndigana kali yenyewe OTC haitibu, ina dawa yake.

Mwalimu, shikamoo. Kabla ya dawa naomba unijibu haya. Joto la mtamba ni ngapi? Ng'ombe mkubwa mzima huwa kwenye 38 hadi 39 na kidogo. Kipimajoto cha kawaida cha duka la dawa kinatosha, kiingize njia ya haja kubwa, ushikilie dakika mbili. Pili, geuza kope la chini: ni jekundu, jeupe au njano? Likiwa jeupe nafikiria nagana (ugonjwa unaoletwa na mbung'o) au minyoo, na huko kwenu mbung'o wapo wa kutosha. Likiwa njano na kinyesi kikavu cheusi, ndigana baridi. Tatu, tezi za chini ya sikio zimevimba?

Na swali kubwa kuliko yote: huyo aliyekufa alitoka damu puani au nyuma? Mmempasua? Majani mafupi ya mvua za kwanza ng'ombe huyang'oa na udongo, na kimeta hukaa kwenye udongo miaka mingi. Kama damu ilitoka na haigandi, msimguse, mwite afisa mifugo.

MstaafuChaki

Marahaba mwanangu. Damu hapana, popote. Hatukumpasua, tumemzika, ingawa majirani wawili walikuja na visu na maneno matamu. Nimewanyima nyama, sasa nasikia naitwa mchoyo.

Mtamba: joto 38.2, nimepima mara mbili kwa sababu ya kwanza nilisahau miwani. Kope ni la waridi, halijapauka. Tezi sizioni. Kupe wapo wachache masikioni. Ila pumzi yake inanuka uchachu, na hicho kinyesi kina harufu kama ya pombe.

MzeeWaMatandu

Mwalimu, pole na msiba wa ng'ombe. Mimi ni Msukuma, nilikuja Kilwa mwaka 2007 na lile kundi la wafugaji lililotolewa bonde la Usangu, Mbeya. Tulipofika tulipoteza ng'ombe wengi mpaka tukaijua ardhi ya huku.

Nitasema mawili. La kwanza ni kosa la kila mtu: umesitisha chakula kikavu. Majani ya siku nane ni maji, mwalimu. Ukikamua kiganja cha majani hayo unalowa. Ng'ombe aliyekula mabua miezi mitano, tumbo lake limezoea mabua. Akiona kijani anakimbia, anatembea kutwa nzima kufuata vichipukizi vya urefu wa kucha, anarudi amechoka kuliko alivyotoka, na ndani hamna kitu. Mwenye mimba kubwa ndiye wa kwanza kulala. Sisi huwa tunawashindilia mabua asubuhi kabla ya kufungulia, tunawatoa jua likishapanda, na tunafanya hivyo wiki tatu mpaka nyasi zifike kwenye kifundo cha mguu wa ng'ombe. Mashudu unayapunguza kidogo kidogo, hukati.

La pili ni swali. Hiyo harufu ya pombe. Mchana ng'ombe wako wanapumzika wapi?

MstaafuChaki

Mzee wangu, umeniuliza swali ambalo nilikuwa sitaki niulizwe.

Wanapumzika kwenye mikorosho yangu. Heka nne. Mwaka huu vibarua walinyofoa korosho kwenye mabibo (tunda laini la mkorosho) palepale chini ya miti, korosho kwenye ndoo, mabibo wakayarundika. Yapo marundo kama sita, mengine yanafika kiunoni. Kiangazi ng'ombe walikuwa wanachukua moja moja na nilikuwa nafurahi, nikiona ni chakula cha bure. Baada ya mvua marundo yameanza kutoa povu. Kijana ananiambia Jumamosi walikaa pale toka saa sita mpaka magharibi, na yeye alikwenda kuangalia mpira.

MzeeWaMatandu

Basi ni hayo.

DadaMifugo_Masasi

Asante mzee, umelipata ambalo mimi sikuuliza. Mwalimu, bibo ni sukari. Ng'ombe akila kidogo halina shida, wengine hulikausha likawa chakula kizuri. Akishiba ghafla, hasa mwenye njaa, sukari inachacha tumboni inakuwa asidi, maji ya mwili yanavutwa kuingia tumboni. Ndiyo maana macho yamezama na kuna kuhara. Majani mateke na njaa vimeongezea, lakini kilichomlaza ni rundo.

Mtamba bado anatazama na kumeza? Kama ndiyo, fanya hivi leo leo. Soda ya kupikia, gramu 1 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mtamba wa kilo 180 ni gramu 180. Koroga kwenye maji ya uvuguvugu lita tatu au nne, mnyweshe kwa chupa pembeni mwa mdomo, polepole, kichwa kisiinuliwe kupita usawa wa mgongo, yasije yakaingia mapafuni. Ubavu wa kushoto ukiwa umekaza kama ngoma, usimnyweshe, mtafute daktari wa mifugo aje na mpira wa tumboni. Mtafute hata hivyo, anahitaji dripu. Chakula ni nyasi kavu tu, hata pumba usimpe. Mweke akalie kifua, mwegemeze gunia la mabua pande zote mbili, mgeuze kila baada ya saa tatu au nne, usiku pia. Akilalia upande mmoja siku nzima nyama za paja zinakufa, hata tumbo likipona hasimami tena.

KijanaWaRuangwa

Nimejifunza. Ila wale ndama wa mwaka mmoja wanono usiwasahau chanjo ya chambavu, kwetu mwaka jana mvua za kwanza ziliondoka na watatu, paja limevimba, ukibonyeza linalia kama karatasi.

DadaMifugo_Masasi

Hapo nakuunga mkono. Na dawa ya minyoo ni wakati huu, ila albendazole usimpe jike aliyepandwa ndani ya mwezi mmoja na nusu.

MstaafuChaki

Siku ya nne. Daktari alikuja na pikipiki, ameweka chupa nne za maji kwenye mshipa wa shingo, amesema ile soda ya kupikia ya mama watoto ilisaidia kununua muda. Tumegeuza mtamba kwa zamu, mimi, kijana na mke wangu, tochi mkononi. Juzi usiku wa saa nane alianza kucheua. Sikuwahi kudhani nitasikia raha kwa sauti ya ng'ombe kutafuna. Leo asubuhi tumemshika mkia na mabega, amesimama, anatetemeka, amepiga hatua sita na kukojoa. Miguu ya mbele anaikanyaga kwa kuogopa. Daktari anasema kwato zinauma kwa sababu ya ile asidi, nimfunge sehemu laini.

Marundo tumeyazika mawili, manne tunayatandaza juani. Na kijana nimemsamehe, mpira wenyewe nilikuwa nausikiliza mimi pia kwenye redio.

Mzee, swali la mwisho. Dume nalichanganya na majike lini na kulitenga lini, ili wasiwe tena na mimba kubwa mwisho wa kiangazi?

MzeeWaMatandu

Mwachie dume aingie kwa majike kuanzia Machi, umtenge tena mwezi Mei ukiisha. Mimba ni miezi tisa na siku kadhaa, ndama wa kwanza watashuka Desemba na mama zao wakiwa na majani mbele yao. Mwaka wa kwanza utapata ndama mmoja pungufu, usihuzunike. Na hayo mabibo yakikauka usitupe, niwekee gunia mbili, mwanangu hupita Nachingwea kila mnada.

MstaafuChaki

Gunia zako zipo. Aje na za kwake lakini, zangu zote zina korosho.