Violini za sampuli zinalia kama ogani, na stakato zinachelewa: nirekebishe wapi?

Mwalimu_wa_Solfa (Nakuru)

Salamu wanajukwaa. Naandika wimbo wa kwaya wenye okestra, dakika nne, ufunguo wa F, mipigo minne kwa kila kipimo, mwendo wa mipigo 72 kwa dakika. Ala ni violini za kwanza na za pili, viola, selo, besi, fluti, obo, klarineti, honi mbili na timpani. Natumia Reaper, programu ya kurekodi, pamoja na BBC Symphony Orchestra Discover, ile maktaba ya bure ya sampuli (rekodi za ala halisi) ya kampuni ya Spitfire, kwenye laptopu ya RAM GB 8. Kibodi ni ya funguo 49.

Sauti nne za kwaya ziko sawa, nimezipanga kwa solfa. Shida ni okestra. Nota ndefu za violini hazina uhai, ni kama ogani ambayo mtu ameikalia. Stakato, zile nota fupi zilizokatwa, zinabaki nyuma ya timpani ingawa zote nimezinyoosha kwenye gridi, yaani mistari ya mipigo ya programu. Chini huko selo na besi zinavuma tu, hujui nota gani inalia. Nikifungua treki zote sauti inakatikakatika. Mwangwi nimeweka wa sekunde 3.5 kwenye kila treki.

Je, ninunue maktaba ya bei, au hii bado ina kazi?

Orutu_na_Selo (Kisumu)

Usinunue kitu, mwalimu. Maktaba ya bei italia vilevile ukiitumia hivyo.

Kwenye nota ndefu, nguvu ya kidole haihesabiki. Kinachoongoza sauti ni CC1, agizo la midi linalotoka kwenye gurudumu la modulesheni lililo upande wa kushoto wa kibodi, kuanzia 0 hadi 127. Usipoligusa, thamani inabaki palepale tangu mwanzo wa nota hadi mwisho, na hapo ndipo ogani inapozaliwa. Tena CC1 si kupandisha na kushusha sauti tu. Wanamuziki walirekodiwa wakipiga kwa upole, kisha wakarekodiwa wakipiga kwa nguvu, na gurudumu ndilo linalokuvusha kutoka rekodi moja hadi nyingine. Rangi ya sauti inabadilika pia. Ukiacha CC1 kwenye 40 halafu ukasukuma feda (kitelezi cha sauti ya treki) juu, unapata upole uliopazwa, na sikio linagundua mara moja.

Fanya hivi. Ingiza nota kwanza bila kujali gurudumu. Kisha rudia sehemu hiyohiyo kwa namna ya kurekodi juu ya rekodi ya midi (maagizo ya kibodi, si sauti yenyewe), usiguse nota, sogeza gurudumu tu huku ukiimba sentensi ile kichwani. Kwa sentensi ya vipimo vinne, anza kama 40, fika 85 au 90 kwenye kilele, shuka hadi 50 mwishoni. Kilele kiwe kimoja. Watu wengi wanapandisha na kushusha kila kipimo, na okestra inaonekana imeshikwa na kwikwi. Nota yoyote inayozidi mpigo mmoja isogee angalau hatua nane hivi, juu au chini. Usichore mistari iliyonyooka kwa kipanya, mkono wenye makosa yake ni bora. CC11, agizo jingine la midi la kukuza na kufifiza, iache kwa marekebisho madogo, hasa kuzima mwisho wa nota taratibu. CC7, yaani sauti ya jumla ya treki, ni ya kusawazisha treki, usiitumie kwa hisia.

Jambo la pili, na hili nina hakika unalifanya kwa sababu kila mtu aliyetoka kwenye kinanda hulifanya: unabonyeza nota tatu au nne kwa mkono mmoja kwenye treki moja ya violini. Ile ni rekodi ya kundi zima. Nota nne maana yake umeita makundi manne ya violini, na hakuna okestra yenye watu hao. Kila treki ibebe nota moja kwa wakati mmoja. Ukitaka nota nne, gawa: violini za kwanza, za pili, viola, selo. Kila mstari uwe na njia yake na CC1 yake, usinakili mchoro wa CC1 wa violini ukaubandika kwenye viola.

Fluti nazo zinahitaji pumzi. Vipimo vinne kwa mwendo wako ni sekunde 13 na kidogo. Mpigaji halisi akipiga kwa nguvu hafiki huko. Kata nusu mpigo kila vipimo viwili, na obo vivyo hivyo.

Basuni_Kakamega

Kuhusu kuchelewa: gridi haina kosa, sampuli ndiyo inaanza mapema kuliko sauti. Kila rekodi ina mwanzo wake, upinde unagusa uzi, sauti inachukua muda kujaa. Timpani inalipuka papo hapo. Kwa mwendo wa 72, mpigo mmoja ni milisekunde 833, na nota ya robo mpigo ni kama 208. Stakato ikichelewa milisekunde 80 umeshakula zaidi ya theluthi ya nota hiyo. Lazima usikie.

Pima, usikisie. Weka stakato kwenye kila mpigo kwa vipimo viwili, geuza treki iwe sauti, vuta karibu, angalia umbali kati ya mstari wa mpigo na pale wimbi linaponenepa, si pale linapoanza kwa unyuzi mwembamba. Hiyo namba ndiyo unayoirudisha nyuma. Kwenye Reaper fungua dirisha la «Routing» la treki, kuna «Media playback offset», andika kwa hasi. Nota fupi mara nyingi huhitaji kati ya 20 na 60 nyuma, ndefu 100 na zaidi. Kwa sababu namba hazilingani, fupi na ndefu zisikae treki moja. Violini za kwanza ziwe na treki mbili: ndefu peke yake, stakato na pizikato (uzi unaodonolewa kwa kidole) peke yake. Timpani iache ilipo.

Stakato, tofauti na ndefu, hufuata nguvu ya kidole. Ukiweka zote 100, nota nane mfululizo zinagonga kama cherehani. Ya kwanza ya kila mpigo 95, nyingine zicheze kati ya 60 na 80.

Fundi_wa_Sauti (Kisumu)

Naongeza hapo: ukishapima, chagua nota zote na uzitawanye kwa bahati nasibu, milisekunde 15 huku na huku. Zitaonekana za binadamu.

Basuni_Kakamega

Hapana omera, bahati nasibu si ubinadamu. Wanamuziki wakikosana na mpigo hukosana kwa sababu: wanavuta kabla ya kilele, wanakimbia kidogo kwenye nota nyepesi. Afadhali ashushe mwendo kutoka 72 hadi 68 kwenye kipimo cha mwisho cha sentensi, kisha arudi. Okestra nzima inavuta pamoja, na kwaya itamfuata. Ukitawanya kila nota kivyake unapata okestra ambayo haijafanya mazoezi.

Viola_ya_Kitale

Nimesoma yote, hakuna aliyegusa mvumo wa chini. Huo ni uandishi, hakuna kifaa kitakachouondoa.

Nakisia umeandika F, A, C zikiwa zimebanana kwenye selo na besi, kwa sababu ndivyo mkono wa kushoto unavyokaa kwenye kinanda. Chini ya C3, yaani oktava moja chini ya C ya katikati, nota zilizo karibu hugongana na kuwa uji. Acha nafasi pana chini, banana juu. Kwa F yako: besi ilie F1, selo F2, honi ya pili C3, viola A3, violini za pili C4, za kwanza F4. Ile A, ambayo kwenye solfa yako ni *m*, imepandishwa mbali na besi, na mvumo umekwisha. Kumbuka besi huandikwa oktava moja juu ya inavyolia, lakini kwenye Reaper unaingiza ile inayolia, mradi usikie kwanza kama maktaba haijaihamisha yenyewe. Mipaka ya chini: violini G3, viola C3, selo C2, besi E1. Usipite hapo hata programu ikikubali.

Timpani zipe F na C basi. Pale wimbo unapoingia B bemoli, timpani ya F inafaa, ya C inyamaze.

Na punguza kazi. Soprano wakiimba, violini za kwanza zikiimba wimbo uleule kwenye oktava ileile zinawafunika maneno. Zipandishe oktava moja au zishike nota ndefu kwa CC1 ya 45. Tuti, okestra nzima kwa pamoja, iweke mara mbili tu katika dakika nne.

Mwangwi wa sekunde 3.5 ni wa kanisa kuu, na sampuli zako tayari zina chumba ndani yake; zilirekodiwa Maida Vale, London, kila kundi likiwa mahali pake. Kwa hiyo usizisukume kushoto wala kulia. Futa mwangwi wa kila treki, weka mmoja kwenye basi moja (treki ya pamoja inayopokea sauti za treki nyingine), sekunde 1.8 hadi 2, ucheleweshaji wa mwanzo milisekunde 25, na kata kila kitu chini ya Hz 200 kabla hakijaingia kwenye mwangwi.

Fundi_wa_Sauti (Kisumu)

Kukatikakatika: ukirekodi bafa (akiba ndogo ya sauti ambayo kompyuta huiandaa kabla ya kuitoa) iwe 256, ukisawazisha 1024. Kwa Hz 48,000 hiyo ni milisekunde 5 na 21. Treki iliyokamilika igandishe kwa «Freeze», amri inayoigeuza iwe sauti tupu, RAM inarudi. Funga kivinjari. Na stima ikipotea ukabaki na betri, Windows hupunguza kasi ya prosesa, mikatiko inarudi hata kama bafa ni kubwa. Wakati huo andika nota tu, usisawazishe.

Mwalimu_wa_Solfa (Nakuru)

Asanteni sana. Nimegawa sauti na kurudia CC1 ya violini peke yake, tofauti ni kubwa. Stakato nimepima, 45. Swali la mwisho: kwaya itaimba juu ya rekodi hii kanisani, ukuta wa saruji, paa la mabati. Na kipande cha mwisho nataka isukuti iingie pamoja na timpani. Nifanyeje?

Viola_ya_Kitale

Isukuti usiitafute kwenye sampuli, rekodi ngoma zenyewe zote tatu kwa maikrofoni moja, umbali wa kama mita moja na nusu, chumba chenye mapazia. Kisha zipeleke kwenye basi lilelile la mwangwi, la sivyo zitasikika ziko mlangoni na okestra iko mbali. Timpani iache ipige mpigo wa kwanza tu wa kila kipimo. Ikijaribu kufuata mdundo wa isukuti, vyote viwili vinapotea.

Orutu_na_Selo (Kisumu)

Toa nakala mbili. Ya kusikiliza kwenye simu iwe na mwangwi kamili. Ya kanisani ipunguze mwangwi kwa nusu, jengo litaongeza wake. Spika nyingi za kanisa zimefungwa mono, yaani zote hutoa sauti ileile moja, kwa hiyo sikiliza kwa mono kabla ya kutoa. Ala ikififia hapo, punguza upana wa treki yake.

Kwenye nakala hiyo ya kanisani, muziki wote uweke chaneli ya kulia. Ya kushoto weka mdundo wa kuhesabu, pamoja na vipimo viwili vitupu mwanzoni. Kebo ya Y kutoka laptopu, ncha mbili kwenye mikisa. Feda ya chaneli ya kushoto iwe chini kabisa, mdundo utoke kwa aux (njia ya pembeni ya kutoa sauti kwenye mikisa) iliyo kabla ya feda, uende kwenye kisikizi cha mwongozaji peke yake. Jaribu Jumamosi, kabla waumini hawajaingia, kwa sababu aux ikiwa imewekwa baada ya feda hatasikia kitu.